Sura ya Nne: Ubao wa Kulalia Wimbi

Mpelekee fundi wa mashua picha ya ubao wa kulalia wimbi, umwombe akuchongee mmoja, na swali la kwanza litakalomtoka ni kwa nini mwembamba namna hiyo. Ana haki ya kuuliza. Tangu alipoanza kushika tezo amekuwa akijenga vitu vya kuelea, na kitu cha kuelea kinahitaji tumbo: nafasi ya ndani inayosukuma maji kando ili maji nayo yakisukume juu. Ubao huu hauna tumbo. Tumbo ni lako wewe unayeulalia.

Tupige hesabu. Ubao wa plaiwudi wenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 30 na unene wa milimita 9 una ujazo wa lita 3 na robo hivi. Uzito wake ni karibu kilo 1.8. Ukiuzamisha wote majini, utasukuma kwenda juu kwa nguvu ya karibu kilo moja na nusu. Nguvu hiyo haimbebi hata mtoto anayeanza kutambaa, sembuse mtu mzima wa kilo 75. Na bado mtu mzima huyo huupeleka baharini, akautia chini ya kitovu, akasukumwa mita 50 au 60 hadi mchangani huku akipiga kelele za furaha ambazo nchi kavu angezionea haya.

Kinachombeba ni wimbi. Wimbi likikaribia ufuko, kina hupungua, sehemu yake ya chini hukawizwa na mchanga, ya juu huendelea na safari, na uso wake wa mbele husimama ukawa mteremko. Aliyelala juu ya kitu bapa kwenye mteremko huo huanza kuteleza. Akishapata kasi, maji yaliyo mbele ya ubao hayapati muda wa kukwepa. Hugandamizwa chini yake, nayo humwinua. Jiwe bapa hurukaruka juu ya bwawa kwa sababu hiyohiyo, wala hakuna anayedhani kwamba jiwe linaelea. Kwa hiyo kinachohesabiwa hapa ni ukubwa wa uso wa chini na umbo lake, si ujazo.

Kasoro karibu zote ninazoziona kwenye mbao za kutengeneza nyumbani zina chanzo kimoja: mtu amejenga mashua ndogo. Ameongeza unene kwa usalama. Ametia povu katikati. Ameweka mkuku chini kwa kuwa chombo bila mkuku kinamkosesha raha. Mwishowe ana kitu cha kilo 6 kinachomgonga mbavu na kumwacha nyuma kila wimbi linapopita. Ukitaka kuondoka na jambo moja katika sura hii, ondoka na hilo la unene. Mengine ni ufundi wa mikono tu na yanajifunzika.

Watu wa Hawaii walizijua njia zote mbili, ya unene na ya wembamba, na wakazitenganisha. Mbao nene walikuwa nazo, na zilikuwa za machifu. Jumba la makumbusho la Bishop, mjini Honolulu, limehifadhi mbao za chifu Abner Paki, ndefu karibu mita 5 na nzito karibu kilo 70 kila mmoja. Lakini humohumo umo ubao wa binti mfalme Kaʻiulani, wa mti wa koa, unaozidi mita 2 kwa urefu na usiofika sentimita 2 kwa unene. Aina hiyo nyembamba huitwa alaia. Ndugu yake mfupi, wa kulalia, ni paipo, na huo ndio uliokuwa mikononi mwa wengi, watoto hasa. Nahodha James Cook alipouawa katika ghuba ya Kealakekua mwezi Februari 1779, luteni wake James King ndiye aliyeendeleza kumbukumbu za safari, na miongoni mwa aliyoyaandika ni jinsi wenyeji walivyotoka na vipande vya mbao vya umbo la yai, wakavilalia kifudifudi na kurudi pwani na mawimbi makubwa. Wanaotazama mchezo huu leo kwenye televisheni hudhani kusimama ndiyo asili yake. Kulala ni kwa zamani vilevile, na ndiko kulikowashangaza wageni wale.

Miti waliyoitumia si migeni kwetu. Mmoja ni mshelisheli, huuhuu ambao matunda yake huchemshwa na kukaangwa Unguja na Pemba. Wahawaii huuita ulu. Mwingine, wiliwili, ulio mwepesi sana, ni wa jamaa moja na mwamba-ngoma. Simshauri mtu akate mshelisheli wa shangazi yake kwa ajili ya mchezo, lakini inafaa kujua kwamba watu waliokuwa na koa, mti mgumu na mzuri wa kupendeza macho, hawakudharau mti wa chakula.

Wala Hawaii haikuwa peke yake. Mskoti James Edward Alexander, aliyepita Accra katika miaka ya 1830, aliwaona wavulana wakiogelea kwenda nje na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakisubiri wimbi na kurudi nalo. Hakuna aliyewaletea wavulana wale mchezo kutoka Bahari ya Pasifiki. Walikuwa na mawimbi, walikuwa na mbao, na walikuwa watoto. Huko São Tomé, katika Ghuba ya Guinea, watoto wanaojichongea mbao za kulalia wimbi wapo hadi leo.

Uingereza ilichelewa, kisha ikaupenda mchezo huu kwa namna yake ya ajabu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi waliorudi Cornwall walikuja na habari za mchezo wa mbao waliozisikia kwa wenzao wa Afrika Kusini. Katika mji wa Perranporth, inasimuliwa, aliyewatengenezea mbao za kwanza alikuwa mtengeneza majeneza. Ukifikiri kidogo utaona kwamba hakuna fundi aliyefaa zaidi: karakana yake ilikuwa na mbao ndefu, pana, nyembamba, zilizokwisha kupigwa randa.

Afrika Kusini yenyewe ilimfundisha mwanafunzi ambaye dunia inamjua kwa mambo mengine. Mwaka 1922 Agatha Christie, akiwa bado mwandishi mchanga, alikuwa katika ziara ya dunia na mumewe Archie, na huko Muizenberg karibu na Cape Town walijifunza kupanda mawimbi kwa mbao nyepesi na nyembamba. Anakumbuka kwamba mara nyingine iliuma, pale ubao ulipozama mbele na kumchomeka mchangani. Mwezi Agosti mwaka huohuo walifika Honolulu, ambako matumbawe yalimkata miguu na vazi lake la kuogelea la hariri likachanwa na mawimbi. Mambo ya mavazi tuwaachie wengine. Kuchomeka mchangani ndiko kunakotuhusu, kwa sababu ndiko kulikoipa pua ya ubao umbo lake la leo: baadaye, plaiwudi ilipopatikana kwa wingi, mafundi wa Uingereza wakaanza kuikunja pua juu, na ubao ulioinuka mbele ukaacha kulima mchanga.

Kisha mwezi Julai 1971, kisiwani Hawaii, Tom Morey akakata kipande cha povu la plastiki kwa kisu cha umeme, akalilainisha kwa pasi ya nguo huku ametandika karatasi za gazeti juu yake, akaingia nalo baharini. Ubao wa povu uliotokana na siku hiyo uliuzwa dunia nzima na karibu uufute ule wa mti. Ni rahisi, ni laini, haumwumizi mtoto. Pia huvunjika katikati, hutupwa, na vipande vyake hurudi ufukoni bila mpandaji. Huko Chapel Porth, Cornwall, yalianzishwa mwaka 2003 mashindano ya kila mwaka ya mbao za kulalia wimbi kwa kumkumbuka mzee mmoja mgeni wa kiangazi aliyeupenda mchezo huo, na sharti lilikuwa kwamba ubao uwe wa mti na miguu isivae mapezi. Yalianza kama mzaha wa marafiki. Wakaja watu kwa mamia.

Sasa tuingie karakana.

Kipimo cha kwanza ni mwili wako. Simamisha ubao wima sakafuni. Ncha yake iwe kati ya kitovu na kifua. Kwa watu wazima wengi hiyo ni sentimita 105 hadi 125. Upana una hoja mbili zinazovutana. Ubao wa sentimita 45 una uso mkubwa na huteleza hata kwenye wimbi dhaifu, lakini haushikiki vizuri kwapani na huyumba wimbi likisimama wima. Ubao wa sentimita 28 hushika ukuta wa wimbi, ila unadai wimbi lenye nguvu na mpandaji mwepesi. Mimi huchora sentimita 32 kwa mtu asiyesema anataka nini, na sijaona aliyelalamika.

Ukiwa na mti mzima badala ya plaiwudi, uzito ndio wa kutazama. Mafundi wa Australia, Tom Wegener akiwa mbele yao, waliirudisha alaia katika karne hii kwa mti wa paulownia, ambao ni mwepesi na haunywi maji ya chumvi kwa pupa. Mbao za paini tunazozipata kwa wauza mbao hazina tabia hiyo. Ubao mmoja wa paini wa sentimita 30 utakunja mabega ukikauka, kisha utapasuka. Ukilazimika, unganisha vipande vitatu au vinne vyembamba kwa gundi, ukigeuza mistari ya moyo wa mti kupokezana, kimoja juu na kingine chini.

Plaiwudi ni rahisi zaidi, mradi usidanganyike na jina. Kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa jina la marini bodi, chenye ngozi ya kahawia inayong'aa, ni cha kumwagia zege. Ni kizito, hakikunjiki, na gundi haishiki juu ya ngozi yake. Unachotaka ni plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, isiyo na mashimo kati ya tabaka zake. Muuzaji atakuapia. Usibishane naye, nunua kipande, kichemshe sufuriani kwa saa kadhaa, kisha jaribu kukibandua kwa kisu. Tabaka zikiachana, umejiokolea fedha na gundi yako yote.

Tumefika kwenye pua, na hapa nitakaa kidogo.

Mjenzi wa jahazi akitaka taruma lililopinda haukunji mti. Huenda kutafuta tawi lililojipinda lenyewe, akalichonga, na nyuzi za mti hufuata mpindo wote bila kukatika. Plaiwudi haikui ikiwa imepinda, kwa hiyo huna budi kuilazimisha, na kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya maji moto: unachukua ubao mmoja wa milimita 9, unaloweka sentimita 30 za mbele katika maji yanayochemka mpaka zilainike, unaubana juu ya kalibu, unauacha siku kadhaa. Njia hii ni ya haraka, nami siipendi. Ubao ukifunguliwa hurudi nyuma, mara robo ya mpindo, mara nusu, na huwezi kujua mapema. Kisha kila ukiingia baharini na kuanikwa juani, unarudi tena kidogo, mpaka baada ya misimu miwili una ubao bapa.

Ya pili ni ya tabaka. Chukua plaiwudi tatu za milimita 3, zikate kubwa kuliko umbo la mwisho kwa sentimita 2 kila upande. Karatasi ya milimita 3 hupinda kwa mkono bila kulazimishwa. Tengeneza kalibu kwa vipande vya ubao wa inchi 2 kwa 4: sehemu ya nyuma iwe bapa kabisa, na sentimita 25 za mbele ziinuke polepole hadi ncha iwe juu kwa sentimita 5 au 6. Neno la kuzingatia ni polepole. Mpindo unaoanza ghafla hufanya ukuta, na maji yakigonga ukuta ubao hufunga breki. Itandikie kalibu nailoni ili gundi isiishike. Paka epoksi kati ya tabaka, pote, mpaka pembeni. Gundi nyeupe ya kawaida ya seremala iache rafuni. Nyingi huyeyuka baharini na kukuachia karatasi tatu tofauti.

Kisha kubana. Vitabu vinataka jiriwa kumi na mbili, na fundi gani wa mtaani ana jiriwa kumi na mbili? Tumia tyubu kuukuu za baiskeli. Zikate ziwe mikanda mirefu, uzungushe ubao pamoja na kalibu, ukivuta kila mzunguko kwa nguvu zako zote, mizunguko ikilaliana nusu kwa nusu. Mkanda mmoja hauna nguvu. Mizunguko arobaini hubana kuliko chuma, na hubana sawasawa. Utaona gundi ikichuruzika pembeni kwa mstari mmoja usiokatika. Mahali ambapo haichuruziki ongeza mkanda. Acha siku nzima, na kama ni wakati wa baridi za kusi acha mbili. Ukifungua, pua itarudi milimita chache tu, kwa sababu kila tabaka sasa inaizuia nyingine isirudi ilikotoka.

Umbo la juu lichore kwa kukunja karatasi katikati na kukata pande mbili kwa pamoja, la sivyo upande mmoja utakuwa mnene na ubao utakuvuta huko. Pua iwe ya mviringo. Mkia uwe wa mraba, au ukatwe mbonyeo kama mwezi mchanga, ambao wengi hupenda kwa sababu pembe mbili za mkia hushika maji unapogeuka. Tofauti ni ndogo kuliko wanavyodai wenyewe.

Kingo zina umuhimu mkubwa zaidi na watu huzipuuza. Silika ya seremala ni kuzipiga msasa zote ziwe laini. Fanya hivyo upande wa juu, ambako mbavu na mapaja yako yatakaa, na upande wa chini katika nusu ya mbele. Lakini chini, katika sentimita 40 za mwisho, acha ukingo uwe mkali. Maji hupenda kufuata mviringo. Yakikuta ukingo wa duara hupanda nao, yakaushika ubao na kuupunguzia mwendo. Yakikuta ukingo mkali hukatika na kuachia. Ukingo huohuo ndio usukani wako: egemea kiwiko cha kulia, ukingo wa kulia uzame, na ubao utakata kwenda kulia kando ya wimbi badala ya kukimbilia mchangani moja kwa moja. Ndiyo sababu ubao wa kwanza hauhitaji pezi chini. Wako wanaoweka, na kwa mawimbi makubwa ya Hawaii wana hoja. Kwa wimbi la kiunoni pezi litakukwaruza paja na kuchota mchanga.

Kupaka ni kazi ya mwisho na yenye ubishi. Vanishi ya mashua huzuia maji vizuri, lakini hufanya uso uteleze na ikipata mchubuko mmoja maji huingia chini yake. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hayang'ai sana. Huingia ndani ya mti, na kila msimu unapaka tena dakika kumi. Mimi hupaka mafuta juu na vanishi chini, na kingo zote nazipa koti tatu za epoksi kwanza, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji kwenye kingo kuliko mahali pengine popote. Mzee mmoja wa bandarini aliniuliza kwa nini nisipake sifa kama kwenye majahazi. Mafuta ya papa yameutunza mti wa pwani hii kwa karne nyingi, sina neno. Ila jahazi halimlazimishi nahodha kulaza kidevu juu yake.

Ubao ukikauka, nenda mahali penye mchanga. Sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki ina miamba ya matumbawe inayovunja mawimbi mbali na ufuko, na ndani yake bahari hutulia. Ni neema kwa wavuvi, si kwa ubao huu. Tafuta pale mwamba ulipoacha nafasi, kama ghuba ya Malindi, na msimu wa kusi ambapo upepo huleta mawimbi ya kutosha. Simama maji yakiwa kiunoni, mgongo nusu umegeukia bahari. Liache wimbi lililokwisha kuvunjika likukaribie hatua moja, ubao ukiwa umeubana kitovuni na pua imechomoza juu ya maji, kisha jirushe mbele kuelekea ufuko kabla halijakugusa. Ukisubiri likuguse, umechelewa. Mikono ishike pua, viwiko vibane, kichwa juu. Povu litakuzunguka, utadhani halikupeleki popote, halafu mchanga utaanza kupita chini yako kwa kasi usiyoitegemea.

Usiupeleke ubao mpya kwenye maji ya kina, na kokote uendako chunguza kwanza mkondo unaorudi baharini unapita wapi. Asiyejua kuogelea ajifunze kabla ya kuchukua msumeno. Ubao huu si boya, na ukikutoka mkononi hautakungoja.